Wizardry, Final Fantasy au The Temple of Elemental Evil: mchezo upi wa zamu unakufaa?

Mpwa wangu anayesoma chuo huko Njoro aliniandikia wakati wa likizo: "Mjomba, habari ya Kisumu? Nina pesa ya mchezo mmoja tu. Nataka ule wa kizamani, wa kupigana kwa zamu, usio na maneno mengi. Nichukue upi?" Nilianza kumjibu kwa sentensi moja, kisha nikaifuta, maana jibu lile lilinifaa mimi na halikumfaa yeye. Mimi nacheza usiku nyumbani, saa mbili mfululizo, watoto wakishalala. Yeye hucheza vipande vipande katikati ya masomo, kwenye laptopu iliyokwisha kutumiwa na watu wawili kabla yake. Ulinganisho huu umetokana na jibu refu nililomtumia baadaye, nami nimeuandika upya kwa ajili ya yeyote aliyekwama mahali hapo hapo.

Michezo tunayoizungumzia ni ile ya kuongoza kikosi cha wahusika wanaoingia mapangoni, wanapigana, wanapanda ngazi za uwezo na kununua silaha bora, huku kila pambano likiamuliwa kwa zamu na dadu badala ya wepesi wa vidole. Aliyewahi kuwatazama wazee wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda kwenye steji ya bodaboda amekwisha kuielewa ladha yake: mtu anaweza kujikuna kichwa dakika tatu nzima, akaulizwa kama amelala, na ubao bado ukamngoja.

Nimechagua mitatu. Wa kwanza ni Wizardry: Proving Grounds of the Mad Overlord, uliotungwa na Andrew Greenberg na Robert Woodhead na kutolewa na Sir-Tech mwaka 1981 kwa kompyuta ya Apple II, toleo ninalolipima ni lile lililotengenezwa upya na Digital Eclipse na kukamilika Mei 2024, ambalo limejengwa juu ya programu yenyewe ya 1981, kiasi kwamba unaweza kuiona skrini ya zamani ikienda sambamba na picha mpya. Wa pili ni Final Fantasy ya kwanza kabisa, kazi ya Hironobu Sakaguchi na wenzake wa Square iliyotoka Japani Desemba 1987, ambayo leo hupatikana kwa urahisi zaidi katika toleo la Pixel Remaster la Julai 2021. Wa tatu ni The Temple of Elemental Evil, uliotengenezwa na Troika Games na kutolewa na Atari mwaka 2003, ukifuata kanuni za mchezo wa mezani Dungeons & Dragons toleo la 3.5 na kutegemea kitabu cha mchezo wa mezani cha Gary Gygax na Frank Mentzer cha mwaka 1985.

Vigezo nilivyotumia

Nimeipima yote mitatu kwa mambo matano: pambano lenyewe lina uzito gani; kosa linagharimu nini; unaweza kusimama wakati gani bila kupoteza kazi yako; unahitaji kifaa gani na unalipaje; na mchezo unadai usomaji kiasi gani. Hadithi nimeiacha nje makusudi. Katika yote mitatu hadithi ni kisingizio cha kukushusha pangoni, na anayetafuta mazungumzo marefu na mapenzi kati ya wahusika atafute kwingine.

Pambano lenyewe

Katika Wizardry unaongoza watu sita unaowaumba mwenyewe, watatu mbele na watatu nyuma, na wale wa mbele tu ndio wanaoweza kupiga kwa silaha za kawaida za mkono. Maadui huja kwa makundi, hadi manne kwa mara moja. Unatoa amri kwa kila mtu, unathibitisha, kisha raundi nzima inatekelezwa bila wewe kuweza kubadilisha neno. Uzito wake hauonekani mpaka uwe ndani. Unafungua mlango wa kwanza, linatokea kundi la viumbe ambao mchezo unawaita tu binadamu wadogo kwa kuwa hujawatambua bado. Mchawi wako wa ngazi ya kwanza ana nafasi mbili tu za uchawi, na lazima uamue kama utatumia KATINO, inayolaza kundi zima usingizi, au utaitunza kwa mlango unaofuata. Ukiitumia mara mbili, huna budi kugeuka na kupanda ngazi kurudi mjini, ukalale kwenye zizi la farasi la nyumba ya wageni, ambako kulala ni bure na uchawi hurudi, ingawa majeraha hayaponi. Mchezo mzima ni hesabu hiyo: niende mlango mmoja zaidi, au nirudi?

Final Fantasy ina watu wanne, unaowachagua mwanzoni kutoka kazi sita, na huwezi kuwabadilisha baadaye. Hapa pia unatoa amri zote kwanza ndipo raundi iende. Mapambano ya kawaida ni mepesi na mafupi, mengi huisha chini ya dakika moja, na uamuzi wa kweli uko nje ya pambano: umenunua dawa ngapi kabla ya kuondoka mjini, na umebakiza uchawi gani kwa ajili ya jitu linalongoja mwisho wa pango. Katika mchezo wa 1987, ukimwagiza mtu ampige adui ambaye mwenzake amekwisha kumuua, pigo lilipotea hewani. Pixel Remaster humwelekeza kwa adui mwingine. Wapo wakongwe wanaolalamikia hilo. Mimi silalamiki, kwa sababu adhabu ile ilikuwa ya kuchosha kuliko ya kufundisha. Ugumu wake unaweza kuuongeza mwenyewe kwa namna unavyopanga kikosi: mpiganaji, mtawa, mchawi mweupe na mchawi mweusi watakufikisha bila taabu, lakini wezi watatu na mchawi mmoja watakufanya uhesabu kila sarafu.

Temple of Elemental Evil ndio wenye pambano tajiri kuliko yote mawili mengine, na sisemi hivyo kwa kuupendelea, kwa sababu ndio pia wenye kasoro nyingi zaidi. Unautazama uwanja kutoka juu kwa mshazari, kila mmoja ana zamu yake mwenyewe kulingana na dadu ya mwanzo, na kila futi ina maana. Ukimpita adui ovyo, anapata pigo la bure. Ukirudi nyuma kwa hatua ya futi tano tu, hapati. Unaweza kuiahirisha zamu yako ili mwenzako atangulie, kumkwaa adui aanguke, kusimama na mkuki nyuma ya mwenye ngao na kuchoma kutoka hapo, au kumwaga mafuta sakafuni na kuwatazama majambazi wakiteleza. Pambano la kwanza ambalo wengi hulikumbuka ni la vyura wakubwa karibu na ngome iliyobomoka nje ya kijiji cha Hommlet. Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Victoria tumezoea vyura wa kutunyima usingizi. Wale wa Hommlet hutoa ulimi, wakamvuta mwizi wako mfupi na kummeza mzima, nawe una raundi chache za kumpasua chura kabla mtu wako hajafia tumboni. Nilipoteza mapambano mawili pale kabla ya kuelewa kwamba aliye mfupi hapaswi kutangulia. Hakuna maelezo ya skrini yaliyonifundisha hilo, vyura walitosha.

Gharama ya kosa

Hapa ndipo michezo hii hutengana kabisa, na ndipo ningependa msomaji asimame zaidi kuliko kwenye picha au sifa.

Katika Wizardry kifo ni kitu cha kufuatiliwa. Aliyekufa hubebwa hadi hekalu la mjini, ambako makuhani hutoza pesa na kujaribu kumfufua. Wakishindwa, mwili hugeuka majivu. Majivu nayo yanaweza kufufuliwa kwa pesa nyingi zaidi, na wakishindwa tena, mtu huyo ametoweka milele. Kikosi kizima kikifa, miili yote hubaki pale pale kwenye mzingile, nawe unaunda kikosi kingine cha wageni wa ngazi ya kwanza, unawafunza, kisha unawatuma kuwatafuta wenzao. Uchawi wa MALOR hukuhamisha papo hapo kutoka sakafu moja hadi nyingine, lakini ukikosea hesabu ukatua ndani ya mwamba, kikosi chote kimezikwa. Kuhani wangu, niliyempa jina Nyando kutokana na mto, alikuwa ngazi ya saba alipokufa kwa sumu hatua chache tu kabla ya ngazi za kutokea. Nilimlipia hekaluni nikiwa na uhakika. Akawa majivu. Nilifunga kompyuta, nikaenda jikoni nikanywa maji, nikarudi kumlipia tena, na jina lake likafutika kwenye orodha. Sikuugusa mchezo kwa wiki mbili, na bado nakiri kwamba hakuna mhusika mwingine wa mchezo wowote ninayemkumbuka kwa jina namna ile. Toleo la 2024 linakupa orodha ya kanuni za kizamani unazoweza kuwasha au kuzima, hivyo makali fulani hupungua ukitaka, lakini tabia ya mchezo haibadiliki.

Katika Final Fantasy kosa linagharimu muda tu. Mmoja akifa, unamfufua kanisani mjini au kwa uchawi. Wote wakifa, unarudi ulikohifadhi. Sioni aibu yoyote katika hilo. Kuna watu wanaocheza ili wapumzike.

Temple of Elemental Evil huuweka uamuzi mikononi mwako. Katika hali ya kawaida unahifadhi na kurudia upendavyo, na kishawishi cha kurudia kila dadu mbaya ni kikubwa mno kwa mtu asiye na nidhamu. Ukichagua hali ya ukali mwanzoni, unakuwa na faili moja tu, na kilichotokea kimetokea. Tahadhari moja ni ya lazima: mchezo huu ulitoka 2003 ukiwa na hitilafu nyingi za programu, na kwa hiyo kuchagua hali ya faili moja bila marekebisho ni kuweka mayai yote kwenye kikapu chenye tundu. Wapenzi wake wameutengeneza kwa miaka mingi kupitia marekebisho ya bure ya Circle of Eight, na baadaye Temple+. Ningemshauri yeyote asiuanze kabla ya kuweka mojawapo.

Kusimama, na stima ikipotea

Anayeishi Kisumu au Kakamega anajua jinsi alasiri inavyokwenda: mawingu yanajikusanya, radi inapiga, na taa zinazimika kabla ya tone la kwanza. Kigezo hiki hakitajwi na wachambuzi wa ng'ambo, ila kwetu kina uzito.

Final Fantasy ndiyo imara zaidi hapa. Kwenye simu una betri yako mwenyewe, unaweza kuhifadhi popote usipokuwa katikati ya pambano, na mchezo wenyewe hujihifadhi unapohama kutoka eneo moja hadi jingine. Nimeucheza kwenye matatu kutoka Kisumu hadi Nakuru, nikamaliza pango zima kabla ya Kericho, na simu ikapata nafasi ya kupoa wakati abiria walipokuwa wakinunua mahindi ya kuchoma dirishani.

Temple of Elemental Evil hukuruhusu kuhifadhi mara kwa mara unapotembea, lakini mapambano yake makubwa ndani ya hekalu yanaweza kula nusu saa au zaidi, na kuzimikiwa na kompyuta dakika ya ishirini na tano kunauma. Kwa laptopu yenye betri nzima hakuna shida. Kwa ile inayoishi kwa waya tu, fikiri mara mbili, au cheza asubuhi.

Wizardry unadai safari kamili: kushuka, kupigana, na kubakiza nguvu za kupanda tena. Mara nyingi mapambano yenyewe ni ya haraka kuliko ya Temple, ila kukatiza safari katikati kunakuachia kikosi kilichochoka mahali pabaya, na ukirudi baada ya siku tatu huenda umesahau hata ulikuwa umeelekea upande gani. Mtu mwenye vipindi vya dakika kumi atateseka.

Kifaa, bando na malipo

Final Fantasy inahitaji simu ya kawaida ya Android au iPhone, na ipo pia kwa kompyuta. Ukishaipakua huhitaji intaneti, na haina matangazo. Kwenye duka la Google unaweza kulipa kwa M-Pesa moja kwa moja.

Temple of Elemental Evil ilitengenezwa kwa kompyuta za Windows za 2003, kwa hiyo laptopu yoyote inayouzwa leo, hata iliyotumika, itaubeba bila kuhema. Kwa kawaida ndio wa bei nafuu zaidi kati ya mitatu. Duka la GOG hukupa faili la kusakinisha lisilo na kufuli. Unaweza kulipakua chuoni au kwenye saiba yenye mtandao mzuri, ukalibeba kwa flashi hadi nyumbani, na bando lako likabaki salama.

Wizardry wa Digital Eclipse ndio ghali zaidi, na picha zake za pande tatu zinataka mashine yenye nguvu zaidi kuliko mingine miwili. Upo kwa kompyuta, Nintendo Switch, PlayStation na Xbox. Soma mahitaji yake kwa makini kabla ya kulipa. Ukinunua kwenye duka la Steam na ukaona kompyuta inakwama, unaweza kudai pesa zako ndani ya siku 14 mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Kwa maduka haya ya kompyuta yasiyopokea M-Pesa, kadi ya mtandaoni ya Visa inayotolewa kupitia M-Pesa tangu 2022 inatosha.

Kiasi cha kusoma

Hakuna hata mmoja wenye Kiswahili, na yote mitatu inachezwa kwa Kiingereza. Final Fantasy ina sentensi fupi ambazo mtoto wa darasa la saba atazimudu. Wizardry una maneno machache, ila lazima ujifunze msamiati wake wa uchawi uliobuniwa. Bahati nzuri HALITO, KATINO na DIOS zinatamkika kwetu bila jasho, utadhani ni vituo vya matatu njia ya Busia. TILTOWAIT ndiyo ya kuvunja ulimi. Temple of Elemental Evil unadai zaidi kuliko yote, kwa sababu kanuni zake ni za kitabu kizima cha mchezo wa mezani, na asiyejua kwa nini ngao inabadilisha dadu atapigwa bila kujua kosa lake. Kitufe cha msaada kipo ndani ya mchezo na kinaeleza vizuri. Tatizo ni kwamba kinaeleza kirefu.

Nani achukue upi

Kama una simu tu, au unasafiri sana kati ya Nakuru, Eldoret na Kisumu, au hujawahi kucheza mchezo wa aina hii maishani, chukua Final Fantasy. Hali kadhalika kama unataka kucheza na mdogo wako pembeni akipendekeza nani apigwe. Ukiumaliza na ukaona ulikuwa mwepesi mno, utakuwa umejua unachokitafuta kwa pesa kidogo.

Kama una laptopu ya zamani yenye betri inayokaa, unapenda kupanga watu kiwanjani hatua kwa hatua, na huoni uchungu kutumia jioni moja kusoma kanuni na kuweka marekebisho, Temple of Elemental Evil utakushibisha. Mtu aliyewahi kucheza Dungeons & Dragons mezani na marafiki atajihisi nyumbani tangu dakika ya kwanza. Asiyevumilia programu yenye vituko, au anayechoka kutumwa ujumbe huku na huko kijijini kabla ya kuuona upanga, aupite.

Kama una mashine yenye nguvu na vipindi vya saa nzima visivyokatizwa, na unataka kifo kiwe na maana hata kama kitakukasirisha, chukua Wizardry. Haumfai mwenye hasira za karibu, wala anayecheza kwenye kompyuta ya pamoja ambayo kaka yake anaweza kuzima wakati wowote.

Mwenye bajeti ndogo kabisa na kompyuta yoyote aanze na Temple. Mwenye bajeti hiyo hiyo na simu aanze na Final Fantasy. Mpwa wangu, ambaye laptopu yake huzimika papo hapo waya unapochomoka, aliamua kununua Final Fantasy sasa na kuuwekea Wizardry akiba hadi atakapopata kompyuta nyingine. Nilimwambia kwamba siku hiyo ikifika anunue pia daftari la hesabu la miraba. Toleo jipya lina ramani yake, lakini kila sakafu ya mzingile ule ni miraba 20 kwa 20, zipo sakafu 10, na anayezichora kwa penseli hatapotea hata ramani ya skrini ikifungwa.